Ndege Hii Haijawahi Kutua Mtwara

Mjomba aliigeuzageuza mikononi, akaitazama tumboni, akaitazama mgongoni, kisha akairudisha mezani polepole kama mtu anayetua yai. Akanyamaza kidogo. "Mpwa wangu," akasema, "kazi umefanya. Lakini ndege hii haijawahi kutua Mtwara."

Nilikuwa nimeimaliza wiki ile ile. Ni Dakota, DC-3, modeli ya plastiki ya kipimo cha 1/72, na ilinichukua miezi minne ya jioni baada ya kazi, hapa nyumbani Shangani, Mtwara. Ndege halisi ina mita 29 kutoka ncha ya bawa moja hadi ncha ya jingine. Yangu ina sentimita 40. Niliipaka kama Dakota ya East African Airways, shirika la nchi zetu lililoanzishwa mwaka 1946 na kuvunjika mwaka 1977, kwa sababu mjomba alipakia na kupakua mizigo ya ndege hizo katika uwanja wetu mwishoni mwa miaka ya 1960, akiwa kijana. Kama anavyoikumbuka yeye, mgongo ulikuwa mweupe, na kuanzia usawa wa madirisha kushuka chini lilikuwa bati tupu. Kwa lile bati nilitafuta rangi ya fedha inayong'aa kuliko zote, nikapuliza mpaka nikaona sura yangu kwenye tumbo la ndege. Niliamini nimemrudishia mjomba ujana wake.

Nikamuuliza kosa liko wapi. Hakueleza. Alinyoosha kidole uani, kwenye kichanja, ambako sufuria za mkazamjomba zilikuwa zimepangwa zikikauka. "Kama zile," akasema. "Hata ikija mpya, ikishakaa huku inakuwa kama zile."

Alipoondoka kwenda kuswali, mimi nilikwenda kukaa uani. Sufuria ni alumini, na ganda la Dakota ni alumini iliyochanganywa na metali nyingine kidogo. Kwenye kichanja kulikuwa na sufuria ya wali iliyonunuliwa Idi iliyopita, bado ina mng'ao wa dukani. Kulikuwa na ya mboga, iliyosuguliwa kwa mchanga na majivu miaka nenda miaka rudi, ikajaa michirizi midogo inayorudisha mwanga lakini hairudishi sura. Kulikuwa na ile kubwa ya shughuli, inayotoka ndani kwa harusi na matanga tu, imefubaa ikawa na rangi ya wingu la mvua. Na karibu na pipa la maji kulikuwa na kifuniko kilichosahaulika nje, kimeota madoa meupe kama unga wa muhogo. Zote zinaitwa rangi ya fedha, na hakuna mbili zilizofanana. Ile ya kwangu, ya kioo, haikuwepo kabisa.

Alumini ikikutana na hewa hujivika utando mwembamba sana wa oksidi, na utando huo ndio unaoikinga isiliwe zaidi. Penye chumvi na unyevu, kinga hiyo hushambuliwa. Bati hufubaa, na madoa huanzia kwenye maungio na kuzunguka vichwa vya riveti. Uwanja wa ndege wa Mtwara hauko mbali na bahari. Ndege iliyolala pale usiku iliamka imelambwa na chumvi. Mjomba hakuhitaji kusoma kemia kuliona hilo, maana alikuwa akiishika kwa mkono kila wiki.

Kuna jambo jingine ambalo nilikuwa nalijua kwenye karatasi tu. Usukani wa mkia wa DC-3, na vile vibao vinavyochezacheza nyuma ya mbawa na mkia ili kuiongoza ndege, havikuwa vya bati. Vilikuwa fremu ya alumini iliyovalishwa kitambaa, kisha kitambaa kikapakwa rangi yenye unga wa alumini. Kitambaa kilichopakwa fedha hakiwi bati. Kinakuwa kijivu kilichotulia, hakina ule mwanga unaokimbia ukisogeza kichwa. Kwa hiyo ndege moja ina fedha tatu au nne, na mwenye kununua chupa moja ya fedha ameshakosea kabla hajaifungua.

Tangu siku ile sichagui tena rangi kwa jina lililo kwenye chupa. Natafuta kwanza kitu chenyewe, au ndugu yake wa karibu, nakiweka kwenye mwanga, ndipo naitafuta chupa inayokaribiana nacho.

Lakini hata kabla ya jicho kuna swali linalotangulia, na wanaoanza kazi hii huliruka: rangi hii imeyeyushwa katika kitu gani? Mafundi wetu wa nyumba wana maneno yanayotosha, rangi ya maji na rangi ya mafuta. Wa gereji wanaongeza ya tatu, rangi ya gari, inayolainishwa kwa thina. Rangi za modeli zinaingia humo humo. Vallejo ya Hispania ni rangi ya maji, kwenye chupa ndogo yenye mdomo wa kudondoshea. Humbrol ya Uingereza, ile ya vikopo vya mililita 14 ambayo wengi huanza nayo, ni ya mafuta, na brashi yake husafishwa kwa tapentaini. Mr. Color ya Japani na Alclad II ni laka, jamaa ya rangi za gari. Tamiya, nayo ya Japani, ina chupa ndogo za akriliki zinazoonekana kama rangi ya maji, lakini ndani yake mna alikoholi. Ukiipunguza kwa spiriti inakwenda vizuri sana. Vallejo ukiitia spiriti ile ile inakatika mabonge kama maziwa yaliyokamuliwa ndimu.

Nililipia somo hili kwa bawa la modeli ya Spitfire, ndege ya kivita. Mwaka wangu wa kwanza fundi mmoja wa gereji, kwa nia njema kabisa, alinigawia thina ya gari kwenye chupa ya soda. Nilichanganya na rangi, nikapaka kwa brashi, tabaka zito, moja kwa moja juu ya plastiki. Plastiki ya modeli ni polistirini, na thina kali inaiyeyusha. Uso wa bawa ulikunjamana kama ngozi ya chungwa lililokauka, mistari ya bati ikazama, na hapakuwa na msasa wa kuirudisha. Laka inawezekana juu ya plastiki, lakini kwa kupuliza vumbi jepesi jepesi, kila tabaka likauke kabla ya lingine, na afadhali praima, rangi ya msingi ya kushikilia zinazofuata, itangulie.

Kutokana na hapo nikashika kanuni moja, ambayo wapaka rangi wa magari wanaijua vizuri: kali ikae chini, pole ikae juu. Laka itangulie, za maji na za mafuta zifuate. Ukipuliza laka juu ya rangi ya mafuta, hata ile uliyodhani imekauka wiki nzima, inajikunja kama karatasi iliyopitiwa na moto.

Upatikanaji nao unakuchagulia. Rangi za mafuta na laka ni vimiminika vinavyowaka, haziruhusiwi kwenye begi la abiria wa ndege, na za alikoholi zina tatizo hilo hilo. Ndugu akirudi kutoka nje namwagiza za maji peke yake. Nyingine zinanifikia kwa basi kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 za joto la buti, na nimejifunza kuziacha zipoe usiku mzima kabla ya kufungua kifuniko.

Na hewa yetu sasa. Hapa naomba msomaji aliye Mtwara au Lindi anisikilize kwa makini, kwa sababu maelezo mengi yaliyoandikwa kuhusu rangi hizi yameandikwa na watu wa nchi za baridi, na yakifuatwa neno kwa neno huku pwani yanaharibu kazi. Mwezi wa Februari, unyevu unapokuwa mzito mpaka chumvi haitoki kwenye kikopo, nilipuliza laka nyeusi yenye mng'ao kwenye mtungi wa injini. Ilitoka nzuri. Dakika mbili baadaye ikapandwa na ukungu mweupe, kana kwamba kuna mtu ameipumulia. Kiyeyushi cha laka hukauka haraka sana, na kikikauka kinachukua joto la uso wa rangi. Uso unapoa kuliko hewa iliyouzunguka, na maji yaliyomo hewani yanatua juu yake kama yanavyotua kwenye chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Yale maji yakinaswa ndani ya rangi, huo ndio ukungu.

Kuna thina za kukausha taratibu, au matone ya kichelewesho unayoongeza kwenye mchanganyiko, na zinasaidia. Mimi nasaidiwa zaidi na kalenda. Laka zangu zote nazipuliza kati ya mwezi wa sita na wa tisa, kusi likivuma na mvua zikiwa zimekwisha, na sianzi kabla ya saa nne asubuhi, kwa kuwa alfajiri ndipo hewa inapobeba unyevu mwingi kuliko saa nyingine. Kwenye bomba la kompresa nimefunga kichujio cha maji. Kwa mwezi wa saba kinabaki karibu kikavu. Kwa mwezi wa pili nakimwaga mara mbili katika jioni moja. Dirisha liwe wazi, barakoa ya kuzuia mvuke iwe usoni, na watoto wawe nje.

Rangi ya maji ina ugonjwa wa upande wa pili. Joto linaikausha kwenye ncha ya brashi ya hewa, kile kijibomba mfano wa kalamu kinachopuliza rangi, na ghafla inaanza kutema mabonge. Kwayo nachagua jioni, baada ya jua kuzama, na kichelewesho tone moja au mawili.

Nirudi kwenye Dakota. Wapaka modeli wengi wanaichukulia nyeupe kuwa rangi rahisi, na mimi nadhani ndiyo ngumu kuliko zote. Mgongo wa ndege za abiria za zama zile ulipakwa mweupe ili kurudisha joto la jua, kwa sababu bati tupu likisimama uwanjani mchana lilimgeuza abiria mkate. Nilikuwa nimetumia nyeupe safi kutoka kwenye chupa. Tatizo la nyeupe safi ni umbali. Ukiishika modeli ya 1/72 sentimita 30 kutoka machoni, ni sawa na kusimama mita 21 na kitu kutoka kwenye ndege halisi, na katika umbali huo kuna hewa, vumbi na mwanga uliotawanyika, vyote vinavyolainisha rangi. Nyeupe hupungua weupe wake, nyeusi huwa kijivu cha mkaa, na nyekundu hutulia. Ukipaka rangi ile ile iliyopakwa kwenye ndege halisi, modeli inaonekana kama mwanasesere.

Nyeupe niliyoitaka niliipata Mikindani. Zimebaki kule nyumba za mawe ya matumbawe zilizopigwa chokaa, na ukuta wa chokaa una weupe usioumiza macho hata saa sita mchana ya mwezi wa kumi, jua linapopita utosini. Ukuta wa jirani uliopigwa rangi ya maji ya dukani unakufumba macho. Nilisimama kati ya kuta mbili hizo na vijiko vyangu mkononi.

Vijiko vinahitaji maelezo. Ni vile vyeupe vya plastiki vya kulia pilau kwenye sherehe, na ndiyo zana ninayoithamini kuliko brashi. Kila mchanganyiko naupuliza kwanza kwenye mgongo wa kijiko, ambao una mviringo kama wa bodi ya ndege, kisha naandika kwenye mpini: rangi gani, matone mangapi, tarehe, na hali ya hewa. Baadaye nakitazama dirishani, nakitazama nje kivulini, nakitazama chini ya taa usiku. Rangi mbili zinazofanana chini ya taa zinaweza kuachana kabisa zikitolewa juani, na kinyume chake. Ndege iliishi juani, basi jua ndilo linalosema la mwisho. Kijiko kilichokaribiana na ukuta wa Mikindani kilikuwa matone kumi ya nyeupe, tone moja la kijivu hafifu, na nusu tone la rangi ya malai. Nilipuliza tabaka nne nyembamba juu ya praima ya kijivu.

Kwa bati nilimwendea mchongaji wa mpingo. Wamakonde wa nyanda za juu wanajua mng'ao kuliko yeyote ninayemfahamu, na nilikuwa nimemwona mzee mmoja akimaliza kinyago ambacho kilionekana kama kimelowa. Nilitaka kujua anapaka nta gani. Akanionyesha vipande vyake vya msasa, vimepangwa kutoka wa kukwaruza hadi ulio laini kama karatasi ya daftari. "Mwanangu, mng'ao unatoka huku," akasema, akigonga ule laini. "Nta inakuja kuangalia tu." Rangi za metali ni hivyo hivyo. Alclad ni nyembamba mno, haifichi hata mkwaruzo wa ukucha; hali ya uso uliopo chini ndiyo inayoamua bati litakuwaje. Sufuria ya dukani inataka nyeusi ya kung'aa chini yake, iliyosuguliwa kwa msasa namba 2000. Sufuria iliyofubaa inataka praima ya kijivu tu, isiyong'aa.

Sikuing'oa fedha yangu ya kwanza. Niliisugua mpaka sura yangu ikatoweka, nikapuliza kijivu, kisha Alclad ya alumini ya kawaida, namba 101, kwa wepesi. Vipande vichache vya bati nilivifunika kwa utepe na kuvitia tone la kijivu, kwa sababu hata sufuria za seti moja hazizeeki sawa. Usukani wa mkia na vibao vya kitambaa nilivipaka Tamiya XF-16. Chembe zake za alumini zinaonekana kwa macho, na kwenye bati zingeniudhi, lakini kwenye kitambaa zinafaa.

Stika nazo zinataka uso wa kung'aa. Ukizibandika juu ya rangi isiyong'aa, hewa inanaswa chini yake na kuacha utando wa kijivujivu unaoonekana ukiinamisha modeli. Kwa hiyo vanishi ya kung'aa ilitangulia, stika zikafuata, na mwisho ikaja vanishi ya nusu mng'ao kwenye sehemu nyeupe peke yake. Bati sikulivalisha vanishi. Vanishi inaiua metali.

Mjomba alikuja siku ya Ijumaa baada ya swala. Nilimwamkia, akaitikia marahaba huku macho yako mezani. Safari hii aliichukua kwa mikono miwili. Aliigeuza, akapitisha kidole gumba kwenye mlango wa mizigo, mlango ule uliomwuma mgongo kwa miaka, akakaa nayo mapajani muda mrefu bila kusema. Nami sikumharakisha.

"Hii naijua," akasema hatimaye. "Ila vumbi lake liko wapi? Ikitoka Nachingwea tumbo lilikuwa jekundu."

Nilitaka kukimbilia jambo lililo rahisi, kuchukua udongo wenyewe wa Nachingwea, kuuchekecha na kuupaka. Nilipiga hesabu kwanza. Chembe ya mchanga mwembamba yenye milimita 0.1 tu, kwa kipimo cha 1/72, inakuwa jiwe la milimita 7. Nisingekuwa nimepaka vumbi, ningekuwa nimepaka kokoto. Udongo ulikuja hata hivyo, binamu yangu aliuleta kwenye chupa ya maji, na umekaa dirishani kama kielelezo. Vijiko saba vilipita kabla sijaupata: kahawia nyekundu, malai kidogo, na rangi iliyopunguzwa mpaka karibu iwe maji yenyewe, ikapulizwa nyuma ya magurudumu na kuelekea mkiani. Alipoiona mjomba aliguna tu, akaomba chai.

Hivi sasa ninaanza ndege nyingine, ya vita vya kwanza vya dunia. Mwezi Julai 1915 Waingereza walirusha ndege kutoka kisiwa cha Mafia kuelekeza mizinga kwenye manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyojificha katika delta ya Rufiji, kaskazini yetu. Moja ya aina hizo ilikuwa Henry Farman, fremu yenye nyaya iliyovalishwa kitani, na kitani hicho hakikupakwa rangi. Kilipigwa tabaka za dopu angavu ili kikaze na kisipitishe maji, kikabadilika kikawa na rangi ya malai iliyoiva. Hiyo ndiyo inayonisumbua. Kwenye rafu yangu zipo chupa tatu zinazodai kuwa ni rangi ya kitani, na zote zinapishana.

Bibi yangu alikuwa akiniambia jinsi walivyovaa merikani, ile pamba nzito isiyopaushwa, kabla kanga hazijawa za kila mtu. Juzi nilipata kipande cha kitambaa cha namna hiyo sokoni. Nimekikaza kwenye kifremu cha fito, nimekipiga vanishi angavu tabaka tatu, na sasa kinaning'inia kwenye dirisha linalotazama bahari, chini yake vimepangwa vijiko vitatu. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini nakigusa. Jana kilikuwa bado cheupe kuliko vijiko vyote vitatu. Leo pembe ya juu, ile inayopigwa na jua la kwanza, imeanza kuelekea kwenye kijiko cha kati.